Darubini za zamani na za sasa: mipaka halisi iko wapi

Kuna swali lisilokwisha miongoni mwa waongoza watalii wa Arusha, Nairobi na Malindi, na kwa kila mpenda ndege. Mgeni anaondoka na kumwachia mwenyeji wake darubini ya macho mawili, Leica au Zeiss ya miaka thelathini iliyopita. Au mtu anaiona mtandaoni ikiuzwa kwa sehemu ndogo ya bei ya mpya. Je, aichukue, au adunduize hadi afikie mojawapo ya zile za sasa ambazo bei yake hukaribia au kuzidi dola 3,000? Wapo wanaosema kioo ni kioo, hakizeeki. Wapo wanaosema kila toleo jipya limeliacha mbali lililotangulia. Wote wamekosa jambo la msingi. Darubini za daraja la juu hazikuboreka kidogo kidogo kila mwaka. Ziliruka mara chache, kwa sababu zinazojulikana, na kati ya mruko na mruko ilipita miaka mingi ambayo kilichobadilika zaidi ni umbo, mpira wa nje na bei. Anayezijua tarehe za miruko hiyo anaweza kuikadiria darubini kabla hajaiweka machoni. Akishaiweka machoni, yapo mambo mengine ambayo tarehe haiyajui kabisa.

Nambari zilizoandikwa kwenye kila darubini, tuseme 8x42, ndizo za kuelewa kwanza. Ya kwanza inasema kitu kinasogezwa karibu mara ngapi. Ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, upate kipenyo cha kiduara cha mwanga kinachotoka upande wa nyuma na kuingia jichoni. Ukiishika darubini mbali na uso na kuielekeza angani, utakiona kiduara hicho kimetulia katikati ya lenzi ya jicho, yaani ile ya nyuma. Darubini ya 10x42 hutoa kiduara cha milimita 4.2, ya 8x42 milimita 5.25, ya 7x42 milimita 6. Nitakirudia kiduara hiki, kwa kuwa kinagusa raha ya jicho kuliko mengi yanayoandikwa kwenye matangazo.

Tuanze na mwanga wenyewe. Ndani ya kila mrija kuna lenzi kadhaa na prizimu. Kazi ya prizimu ni kuigeuza picha, maana lenzi ya mbele peke yake hutoa picha iliyopinduka, kichwa chini miguu juu. Kila mahali mwanga unapoingia kwenye kioo kutoka hewani, au unapotoka kioo kuingia hewani, karibu asilimia 4 yake hurudi nyuma ikiwa kioo hakikupakwa kitu. Ni kiasi kidogo, lakini darubini yenye nyuso kumi za namna hiyo hubakiwa na karibu theluthi mbili tu ya mwanga ulioingia. Na ule uliorudishwa hauishii hapo. Huzagaa ndani ya mrija na kutanda juu ya picha kama weupe, hata kunguru akaonekana wa kijivu.

Mwaka 1935 Alexander Smakula, mwanafizikia wa kampuni ya Zeiss huko Jena, Ujerumani, alivumbua mpako mwembamba mno wa kupunguza mwanga unaorudi, na Zeiss ikausajili kwa hataza. Tabaka moja la mpako huo hushusha upotevu hadi kati ya asilimia 1 na 2 kwa kila uso. Baadaye yakaja matabaka mengi yaliyopangwa moja juu ya jingine, kila moja likishughulikia sehemu yake ya rangi, na upotevu ukashuka chini ya nusu ya asilimia. Zeiss ilianza kuweka mpako wa matabaka mengi kwenye darubini zake mwaka 1979, na alama yake ni herufi T yenye nyota. Huo ni mpaka wa kwanza wa kweli. Darubini ya kabla ya hapo inaweza kuwa chombo kizuri cha kumbukumbu ya babu, na kwenye jua la mgongoni ikafanya kazi vyema, lakini jua likiwa mbele yako itakushinda.

Mpaka wa pili ni mkubwa zaidi, na ndio wenye kuwachanganya watu, kwa sababu hauonekani kwa nje. Zipo familia mbili za prizimu. Ya kwanza ni ya Mwitaliano Ignazio Porro, aliyepata hataza yake mwaka 1854. Darubini za aina hiyo zina mabega, lenzi za mbele zimeachana kuliko zile za nyuma. Ya pili ni prizimu zenye paa, zinazoruhusu mrija ulionyooka, na karibu darubini zote za bei kubwa leo ni za aina hii. Watu walizipenda kwa wembamba wake. Lakini paa hilo, yaani pembe ambapo nyuso mbili za kioo zinakutana, huugawa mwanga sehemu mbili. Nusu hugonga upande wa kulia kwanza kisha wa kushoto. Nusu nyingine hufanya kinyume chake. Zinapokutana tena mawimbi yao hayaendi sambamba, na kwa sehemu yanafutana. Kinachopotea ni ukali wa vitu vidogo: michirizi ya kifua cha ndege huungana ikawa rangi moja, na jicho linahisi kuna kitu hakijafokasiwa ingawa gurudumu limeshafika mahali pake.

Kwa hiyo kwa miaka mingi darubini nyembamba yenye prizimu za paa, hata ya bei kubwa, ilikuwa ikishindwa kwa ukali wa picha na Porro iliyotengenezwa vizuri. Mwaka 1988 Zeiss ilileta mpako wa pekee unaowekwa kwenye nyuso za paa ili mawimbi ya nusu hizo mbili yatoke yakiwa sambamba. Kampuni nyingine za daraja hilo zikafuata ndani ya miaka michache. Leica Trinovid BA ya mwaka 1990 ilitoka ikiwa nao. Zeiss waliuonyesha kwa herufi P, na ndiyo maana darubini yao iitwayo Dialyt 7x42, ya kabla ya 1988 na ya baada yake zinafanana kama mapacha mezani, lakini si darubini moja. Maandishi BGAT*P* kwenye Dialyt yanasomeka hivi: B ni kwa ajili ya wavaa miwani, GA ni ganda la mpira, T yenye nyota ni matabaka mengi, P yenye nyota ni huo mpako wa paa. Ukikosa P, unanunua chombo cha enzi nyingine.

Msimamo wangu ni huu, na nausema bila kusita: darubini ya daraja la juu iliyotengenezwa baada ya mpaka huu, ikiwa safi na mirija yake imelingana, katikati ya picha inakupa karibu kila kitu ambacho ya mwaka huu inakupa. Mchana, kwa mkono mtupu, kwa ukuzaji wa mara saba au nane, mtikisiko wa mkono hukatiza ukali kabla lenzi haijafika mwisho wa uwezo wake. Anayekwambia kwamba ya 1995 haioni kitu ukilinganisha na ya 2020 hazungumzii katikati ya picha.

Yapo maboresho mengine ya mwanga yaliyofuata. Prizimu ya paa iliyo fupi kuliko zote, iitwayo Schmidt-Pechan, ina uso mmoja ambapo mwanga haurudi wenyewe, hivyo lazima upakwe kama kioo cha kujitazamia. Zamani ilitumika alumini, ambayo hula zaidi ya asilimia 10 ya mwanga. Kisha fedha, inayokula mwanga mchache kuliko alumini. Siku hizi hutumika matabaka mengi yasiyo ya metali yanayorudisha zaidi ya asilimia 99. Dialyt 7x42 haikuwa na shida hiyo tangu mwanzo, kwa sababu ilitumia prizimu ndefu ya Abbe-König ambayo nyuso zake zote hurudisha mwanga bila kupakwa. Ndiyo sababu darubini hiyo ni ndefu, na ndiyo sababu mpaka leo mtu akiitazama jioni hushangaa.

Lakini tusiipe asilimia uzito isio nao. Kampuni hutangaza kwamba asilimia 91 ya mwanga hupita hadi jichoni kwenye Swarovski NL Pure, 92 kwenye Zeiss Victory SF, na 95 kwenye Zeiss Victory HT ya mwaka 2012. Jicho la binadamu halipimi mwanga kama mizani inavyopima sukari. Tofauti ya asilimia tano au sita ni shida kuiona hata ukizishika darubini mbili kwa zamu. Kinachoonekana ni kiduara kile cha mwanga, na hapo umri wa mtazamaji una sauti kubwa. Mchana mboni ya jicho hujibana hadi milimita 2 au 3, hivyo sehemu kubwa ya mwanga wa darubini yoyote ya 42 huangukia nje ya mboni. Usiku unapoingia, mboni ya kijana hufunguka hadi milimita 7, ya mtu mzima wa miaka hamsini na kitu huenda isizidi 5. Kwa hiyo kijana anayemtafuta bundi wa Sokoke wakati wa magharibi katika msitu wa Arabuko-Sokoke atafaidi milimita 6 za 7x42. Baba yake hatazifaidi zote.

Mwaka 2004 ulileta mpaka mwingine, wa rangi. Lenzi hupinda mwanga wa buluu kwa kiasi tofauti na mwekundu, na penye weusi mkali dhidi ya weupe mkali hutokea upindo wa zambarau au kijani. Mtazame tai juu ya mawingu meupe saa sita mchana: kwenye darubini za miaka ya 1990 mbawa zake zina ukingo wa rangi, hasa akiwa pembeni ya picha. Zeiss Victory FL ya mwaka 2004 ilitumia kioo chenye floridi kupunguza upindo huo, na Leica na Swarovski nazo zikaweka vioo vya namna hiyo katika matoleo yao yaliyofuata. Nimeona watu wawili wakitazama darubini moja, mmoja akiuona upindo kila mahali na kukereka, mwingine akiapa haoni kitu. Wote wanasema kweli. Kama wewe ni wa kundi la pili, mpaka wa 2004 haukuhusu, na usimruhusu muuzaji akufundishe kuuona.

Sasa tufike kwenye kilichobadilika waziwazi: pembeni mwa picha, na upana wake.

Darubini za zamani, hata zilizo bora, ni kali katikati na hulegea kadiri unavyokwenda pembeni. Mara nyingi sababu ni kwamba picha inayotengenezwa na lenzi ni bakuli, si sahani: ukifokasi katikati, pembeni panapotea, ukifokasi pembeni, katikati panapotea. Tiba yake ni lenzi za ziada karibu na jicho zinazoinyoosha picha. Nikon ilikwishafanya hivyo kwenye familia yake ya SE, darubini za Porro zilizotoka miaka ya 1990, na wanaozimiliki hawaziuzi ovyo. Swarovski iliuleta unyoofu huo kwenye darubini yake ya EL, katika toleo la Swarovision lililofika madukani kuelekea mwaka 2010. Zeiss ikafuata na Victory SF mwaka 2014, kisha Swarovski NL Pure mwaka 2020.

Je, tunauhitaji ukali wa pembeni? Inategemea unatazama nini. Jicho lenyewe huona kwa ukali mahali padogo sana katikati. Pembeni hukamata mwendo tu. Mtu anayemfuata ndege mmoja humweka katikati na kumwacha hapo, na ukungu wa pembeni haumdhuru. Lakini aliyesimama Mida Creek, hori ya pwani ya Kenya, maji yakipwa, anahesabu maelfu ya ndege wa pwani waliotapakaa matopeni, hatembezi darubini. Anatembeza macho ndani ya picha. Ni vivyo hivyo kwa anayetazama heroe Ziwa Natron, au anayetazama nyota: kwenye darubini ya zamani nyota ya pembeni huwa na mabawa, kwenye NL hubaki nukta. Kwa kazi hizo tofauti ni kubwa na ya kweli, na ningeilipia.

Unyoofu una gharama yake. Tangu miaka ya 1940 wabunifu wa Ulaya waliiacha picha ipinde mistari kidogo pembeni kwa makusudi, kwa kuwa darubini inapozungushwa kufuata upeo wa macho, picha isiyopindwa kabisa humfanya mtu aione dunia ikiviringika kama uso wa mpira. Baadhi ya zile zilizonyooshwa baada ya 2009 zilirudisha hisia hiyo. Wengi hawaioni, au huizoea baada ya siku chache. Wachache hupata kichefuchefu, hasa wakiwa kwenye mashua. Hili halijulikani kwa kusoma. Linajulikana kwa kuizungusha darubini polepole kutoka kushoto kwenda kulia kwa dakika kadhaa kabla ya kutoa pesa.

Upana ni jambo jingine, na hapa miaka ya karibuni imeshinda bila ubishi. Swarovski EL 10x42 huonyesha eneo la upana wa mita 112 kwa umbali wa mita 1,000. NL Pure 10x42 huonyesha mita 133. Ukipiga hesabu ya eneo lote la duara, hiyo ni zaidi kwa asilimia 41. Mita 133 ndizo zilizokuwa zikionyeshwa na EL ya 8.5x42, maana yake unapata ukuzaji wa mara kumi bila kutoa upana uliokuwa ukiupata kwa nane na nusu. Leica Trinovid ya miaka ya 1990, 10x42, ilikuwa na mita 110. Ndege akirukia tawi jingine, upana ndio unaoamua kama utampata tena au utabaki kutazama majani.

Hata hapo, hesabu za zamani zina la kusema. Dialyt 7x42 ilikuwa na mita 150. NL Pure 8x42, bingwa wa leo, ina 159. Nikon ya 8x30 E II, darubini ya mabega yenye uzito wa gramu 575 tu, ina 154. Anayetazama kwa mara saba hakuwa na njaa ya upana hata zamani.

Ukuzaji wa mara saba unastahili kutetewa kidogo, maana karibu umetoweka kwenye darubini mpya za daraja la juu, na sioni kwamba umetoweka kwa sababu ya haki. Wanunuzi huamini kumi ni bora kuliko saba kama vile shilingi kumi ni bora kuliko saba. Lakini mtikisiko wa mkono nao hukuzwa. Halafu kuna kina, yaani umbali wa mbele na nyuma ambao unabaki mkali bila kugusa gurudumu. Kina hicho hupungua kwa mraba wa ukuzaji, hivyo mara kumi ina karibu nusu ya kina cha mara saba. Kwenye msitu wa Amani, kundi la ndege wa aina mbalimbali linapopita, chozi yuko mita nane, mwingine mita kumi na tano, mwingine nyuma yake. Mwenye 7x42 anatazama. Mwenye 10x42 anazungusha gurudumu. Na kile kiduara cha milimita 6 kinaliachia jicho nafasi ya kuhamahama bila picha kukatika vivuli vyeusi, jambo linaloonekana zaidi ukiwa ndani ya gari linalotikisika au baada ya saa nne za kutazama.

Hapo tumeshaingia kwenye raha ya mwili, na raha haifuati kalenda. Leica Trinovid za miaka ya 1990 zina uzito wa karibu gramu 900, zimeshikana kama tofali, na watu wenye mikono mikubwa huzipenda kwa sababu hiyo hiyo. Zeiss SF 8x42 ina gramu 780, lakini uzito kwenye mizani ni nusu ya habari. Wabunifu wa SF waliusogeza uzito nyuma, karibu na uso, ili mikono isiwe inashikilia kitu kinachovuta mbele. Swarovski EL ya mwaka 1999 iliacha uwazi katikati ya mirija, vidole vikapita na kuizunguka. Umbo hilo limeigwa na karibu kila kampuni tangu wakati huo. NL Pure ina gramu 840, si nyepesi hata kidogo, ila mirija yake imebinywa kiunoni na mkono unakaa penyewe. Tena kuna kiegemeo cha paji la uso kinachouzwa pembeni, na kwa ukuzaji wa mara kumi na mara kumi na mbili kinatuliza picha kwa namna ambayo hakuna mpako utakaoifikia.

Wavaa miwani ndio waliofaidika kuliko wote. Jicho lililo nyuma ya miwani huwa mbali na lenzi, na ili lione picha nzima lenzi ya jicho inapaswa kuitupa picha milimita 16 hadi 18 nyuma yake. Nyingi za zamani hazifiki huko, hivyo mvaa miwani huona katikati tu, kama anachungulia tundu la ufunguo. NL Pure ina milimita 18 pamoja na upana wake wote, na kuvipata viwili hivyo kwa pamoja ni kazi ngumu ya ubunifu. Vikombe vya macho navyo vimebadilika: zamani vilikuwa mpira wa kukunja, ambao kwa jua letu huchanika baada ya miaka, sasa huzungushwa na kusimama kwenye hatua kadhaa. Kasoro ya mpya ni kwamba lenzi pana za jicho huwa nene, na kwa mtu ambaye macho yake yamekaribiana au mfupa wa pua yake ni mpana, vikombe hubana pua kabla mirija haijafikia nafasi ya mboni. Kwa mtu huyo, darubini ya bei ndogo inayomkaa usoni itampa picha bora kuliko NL. Hakuna ubora wa kioo unaosaidia ikiwa jicho haliko mahali pake.

Kufokasi karibu nako kumesogea. Dialyt 7x42 ilianzia karibu mita 3.5, EL Swarovision ilifika mita 1.5, NL ni mita 2. Kwa mtu wa vipepeo, kama wale wafugaji wanaouza pupa za vipepeo kupitia mradi wa Kipepeo pale Gede, tofauti hiyo ndiyo darubini yenyewe.

Jambo ambalo makala za Ulaya hulipita haraka, na kwetu ndilo la kwanza, ni unyevu. Dialyt hufokasi kwa kusogeza vipande vya nje, na kila unapozungusha gurudumu darubini huvuta hewa kidogo na kuitoa. Hewa ya Tanga, Zanzibar, Mombasa au Lamu ina chumvi na unyevu, na kuvu huota juu ya lenzi na prizimu kwa nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Kuvu akishaula mpako, mpako haurudishiki. Tangu Trinovid BA ya 1990 na wenzake, darubini za daraja la juu zimezibwa kabisa, nyingi zimejazwa nitrojeni, na vipande vinavyofokasi vinatembea ndani. Kwa hiyo ningemshauri mtu wa Iringa, Nairobi au Arusha achukue Dialyt yenye P bila wasiwasi; mtu wa pwani ningemwambia atafute iliyozibwa, hata kama ni lazima aende hatua moja chini kwa jina. Kisha aiweke kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vipakiti vya silika, si ndani ya mkoba wa ngozi, ambao kuvu huupenda kuliko kioo.

Na mpya zina udhaifu wake. Mpira na plastiki za nje huharibiwa na dawa za kufukuza mbu na mbung'o zenye DEET, pamoja na mafuta ya kuzuia jua. Dialyt nyingi zinaingia mwaka wa arobaini na ganda lake la awali. Sina hakika kama zote za leo zitafika huko.

Ukitaka kupima kabla ya kuchagua, watafute wenye nazo. Matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi jijini Nairobi, ambayo Fleur Ng'weno aliyaongoza kwa miongo mingi tangu 1971, ni mahali ambapo darubini za enzi mbalimbali hupita mbele ya macho yako, na watu wa ndege si wachoyo wa kukuachia utazame kidogo.

Kama unanunua iliyotumika, ikague mwenyewe mkononi. Ikiwa ni Swarovski, tazama namba yake: tarakimu mbili za kwanza baada ya herufi, ukizijumlisha na 1930, hukupa mwaka; 69 ni 1999, 80 ni 2010. Ikiwa ina prizimu za paa na huna hakika na ule mpako wa 1988, vaa miwani ya jua ya polaroidi, fungua skrini nyeupe ya kompyuta mpakato, utazame skrini hiyo kupitia lenzi za mbele, darubini ikiwa kinyume, huku ukiizungusha polepole. Isiyo na mpako huonyesha duara lililokatwa nusu mbili, moja nyeusi na moja nyeupe. Yenye mpako huonyesha duara lenye mwanga ulio sawa. Kisha washa tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili kwa pembe, utafute nyuzi za kuvu na vumbi lililoganda. Zungusha gurudumu kutoka mwanzo hadi mwisho: liwe laini, lisikwame, na lisiwe na nafasi tupu unapogeuza mwelekeo.

Mwisho tazama mstari ulionyooka, paa la nyumba ya mbali au upeo wa bahari, kisha isogeze darubini polepole kutoka usoni ukiendelea kutazama kwa macho yote mawili. Mistari ikiachana, mmoja juu na mmoja chini, mirija haitazami mahali pamoja, huenda ilianguka. Macho yatalazimisha kuziunganisha picha hizo, na baada ya nusu saa kichwa kitauma. Kuirekebisha kunahitaji fundi wa vifaa vya lenzi, na mara nyingi ni kuituma Ulaya kwa gharama inayokaribia bei uliyoitajiwa. Hiyo iache, iwe na jina lolote lile.